Haki ya Zamu

Mji unapoamua kuacha mabasi ya dizeli na kuchukua mabasi yaendayo kwa umeme wa betri, watu wengi hudhani kwamba shauri limekwisha kwa uamuzi huo. Jema limetambuliwa, fedha imetafutwa, mabasi yameagizwa. Yaliyobaki ni ya mafundi. Walakini hapo ndipo swali gumu linapoanza. Mabasi hayaji yote kwa siku moja. Huja kumi, ishirini au hamsini, ilhali mji una mamia au maelfu. Hapana budi mtu mmoja aketi ofisini na ramani mbele yake, aandike njia zitakazopewa mabasi mapya mwaka huu. Na kwa kalamu ile ile, hata kama hakukusudia, huandika njia zitakazobaki na moshi. Wema usioweza kuwafikia watu wote kwa pamoja uanze kwa nani? Na yule aliyeachwa nyuma, ana haki gani?

Swali hili si la anasa. Moshi wa dizeli si uvundo tu wa kumfanya mpita njia azibe pua. Mwezi wa Juni mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi huo katika daraja la kwanza la vitu vinavyojulikana kwa yakini kuwa huleta saratani kwa binadamu. Mwaka 2021 Shirika lenyewe lilipunguza kwa nusu kipimo cha vumbi jembamba ambacho hewa haifai kukizidi kwa wastani wa mwaka, kutoka maikrogramu 10 katika mita moja ya ujazo hadi maikrogramu 5. Mjini London msichana wa miaka 9, aliyekaa na mama yake karibu na barabara kuu katika mtaa wa Lewisham, alikufa kwa pumu mwezi wa Februari 2013. Mwezi wa Desemba 2020 afisa wa kuchunguza sababu za vifo alitoa hukumu kwamba uchafu wa hewa ulikuwa na sehemu kubwa katika kifo chake. Moshi ule ulitoka katika magari ya kila namna, wala si haki kuyabebesha mabasi lawama peke yao. Lakini tangu hukumu ile hapana mtu awezaye kusema kwamba hewa ya barabara ni jambo la bahati. Iliandikwa katika karatasi ya kifo, kama vile huandikwa njaa au maji machafu.

Basi, kumpa mtaa mmoja hewa safi mapema na mtaa mwingine baadaye ni kugawa afya, na pengine ni kugawa umri. Jambo kama hilo huomba sababu.

Sababu itolewayo mara kwa mara ni ya kifundi, nayo yafaa kusikilizwa kwa heshima kwa kuwa haikubuniwa. Basi la dizeli hujazwa mafuta kwa dakika chache, likaenda mchana kutwa. Basi la betri hulala likinyonya umeme usiku. Betri ya basi kubwa hubeba yuniti 300 hivi, na gari hutumia yuniti moja hadi moja na nusu kwa kila kilomita, kwa kadiri ya mlima, joto, baridi na wingi wa abiria. Kwa hesabu hiyo safari zake zote za siku moja hazina budi kuishia katika kilomita 200 au 250, kisha lirudi nyumbani. Betri yenyewe ina uzito wa tani mbili au tatu, na uzito huo hupunguza nafasi ya watu. Haya yote yasingekuwa kikwazo kikubwa lau basi lingekuwa moja. Lakini yadi yenye mabasi 100, kila moja likitiwa umeme kwa mashine ya kilowati 80, huhitaji megawati 8 kwa wakati mmoja. Huo si umeme wa kuvuta kwa waya wa nguzo ya mtaani. Yataka transfoma, waya mnene, kibali cha shirika la umeme, na miezi mingi ya kuchimba barabara.

Kwa hiyo yule mwenye ramani, ingawa husema kwamba anachagua njia, kwa hakika huchagua yadi. Yadi iliyo karibu na waya mnene hupata mabasi kwanza, na njia zitokazo katika yadi hiyo hufuata. Hapo msomaji ataona jinsi mambo yaliyokwisha kupita yanavyoongoza kalamu. Waya mnene haukutandazwa na malaika. Ulitandazwa zamani kuelekea penye viwanda, maofisi na nyumba za wenye nafasi; mitaa ya wanyonge ilipewa mwisho, na ilipewa kidogo. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na mtaa wenye umeme wa nguvu ndio upatao basi la umeme. Hapana aliyetenda ubaya siku ya leo, hata hivyo ubaya wa jana umepata kazi mpya.

London yenyewe ni mfano ulio wazi. Mwaka 2016 yadi ya Waterloo iligeuzwa yote kuwa ya umeme, na mabasi 51 ya betri yakawekwa katika njia mbili, ya namba 507 na ya namba 521. Njia hizo zilikuwa fupi na tambarare. Kazi yao ilikuwa kuwapokea wafanyakazi wa maofisi waliotelemka katika vituo vikuu vya gari la moshi na kuwapeleka kazini, na jioni kuwarudisha. Mtu wa mashine hana neno la kusema juu ya uchaguzi huo: umbali mdogo, yadi iliyo jirani, abiria wanaofuata saa. Lakini mtu wa hewa ataona kwamba waliopata nafuu walikuwa wapiti, waliokaa barabarani kwa robo saa asubuhi na robo saa jioni, ilhali katika barabara za kusini ya mji walikuwako watoto waliolala, walioamka na waliokwenda shule katika moshi ule ule. Nauli ya basi mjini London ni moja popote mtu apandapo. Mama wa Lewisham alilipa sawasawa na karani wa Waterloo.

Je, hilo lilikuwa dhuluma? Neno hilo halipasi kutupwa kwa haraka.

Mtetezi wa njia rahisi anayo hoja yenye nguvu kuliko ile ya waya. Atasema hivi: mabasi ya kwanza ni jaribio, na jaribio likishindwa wote watapata hasara. Basi likizimika mlimani siku ya mvua, likiwa na watu 70 ndani, magazeti yataandika, wapinzani watacheka, na baraza la mji litanunua dizeli kwa miaka mingine kumi. Basi tuanze, asema, mahali ambapo kushindwa ni kugumu, ili kushinda kule kulete fedha ya kuwafikia wengine. Aliye wa mwisho leo atanufaika kwa sababu hakuwa wa kwanza. Hoja hii si ya hila. Kila mwalimu humpa mwanafunzi hesabu nyepesi kabla ya nzito.

Kasoro yake ni kwamba jaribio la mahali rahisi hufundisha mambo rahisi. Njia fupi na tambarare haisemi lo lote juu ya mlima, wala msongamano, wala abiria wanaoning'inia mlangoni. Baada ya miaka miwili ya ushindi, mlima ungali haujulikani, na wenye kukaa mlimani huambiwa wangoje jaribio la pili. Mji wa Santiago, nchini Chile, ulijaribu kwa njia nyingine. Mwishoni mwa mwaka 2018 ulipokea mabasi 100 ya betri kwa mara moja, nayo yakawekwa katika njia ya namba 516, itokayo Maipú, magharibi ya mji, ikapita barabara ya Grecia, ikapanda hadi Peñalolén, chini ya milima ya Andes. Njia hiyo ni ndefu, yenye kupanda, na wengi wa wakazi wa pande zake mbili si matajiri. Yadi ya kutilia umeme ilijengwa kule kule Peñalolén. Mabasi yalipanda kwa shida ya betri, na yalipotelemka breki zao zikarudisha sehemu ya umeme uliotumika, kwa kuwa mota ya basi la namna hiyo, ikizuia gari, hugeuka kuwa mtambo wa kuzalisha. Jaribio halikuanguka. Leo Santiago ina mabasi ya umeme yaliyopita 2,000. Kwa hiyo asemaye kwamba haiwezekani kuanzia penye taabu anasema habari za mfuko wake au za waya wake, hasemi habari za basi.

Katika kitabu cha tatu cha Siasa, Aristotle aliuliza zumari zilizo bora wapewe nani. Jibu lake ni kwamba wapewe wapigaji bora, wala si wenye nasaba njema au sura nzuri, maana kazi ya zumari ni kupigwa, na nasaba haipigi zumari. Mhandisi wa mabasi hupenda sana jibu hili hata kama hakulisoma: basi la umeme lipewe njia inayoliweza. Lakini jibu hilo lina mgeuko. Kwanza hapana budi kujua kazi ya kitu ni ipi. Kazi ya kuchukua watu basi la umeme halikuizidi dizeli; kwa viti na mwendo yako sawa, na pengine dizeli hutangulia. Fadhila yake iliyo yake peke yake, ambayo kwa ajili yake mji ulikubali kulipa bei kubwa, ni kutotoa moshi mahali lipitapo. Ikiwa hivyo, njia inayolipiga vema zumari hili ni ile ambapo kukosekana kwa moshi kunaokoa mapafu mengi zaidi kwa saa nyingi zaidi. Penye upepo wa mto na watu wapitao haraka, zumari limepewa asiyejua kupuliza.

Wengine watajaribu kumaliza neno kwa kuhesabu. Bentham na wafuasi wake wangesema: tafuta barabara yenye watu wengi kuliko zote, peleka basi huko. Hesabu hiyo ni nzuri, lakini yategemea kinachohesabiwa. Ukihesabu vichwa vinavyopita, katikati ya mji pana vichwa vingi. Ukihesabu saa ambazo kila kichwa hukaa kikivuta pumzi, sura ya ramani hubadilika: stendi ambamo mabasi hunguruma yakiwa yamesimama, shule iliyo jirani na stendi hiyo, vibanda vya wachuuzi, chumba cha juu ya duka ambacho dirisha lake hutazama kituo. Na yuko mtu mmoja ambaye hesabu za abiria humsahau siku zote, naye ni dereva. Abiria hushuka. Dereva hukaa mchana kutwa nyuma ya usukani, na fundi wa karakana huzungukwa na injini zinazojaribiwa ndani ya kuta nne. Lau mabasi ya kwanza yangegawiwa kwa kipimo cha kifua kilichokwisha kuvuta moshi mwingi, yadi za zamani, zenye madereva wa miaka ishirini na thelathini, zingetangulia. Ni ajabu kwamba hoja hii husikika mara chache, hata vyamani mwa wafanyakazi.

Kungoja kunaweza kuwa jambo jepesi, na kunaweza kuwa jambo la kutisha. Tofauti ni urefu wake. Mji wa Shenzhen, nchini China, ulianza kutumia mabasi ya umeme kwa mamia mnamo mwaka 2011, na mwishoni mwa mwaka 2017 mabasi yake yote, 16,359, yalikuwa ya umeme. Serikali kuu na serikali ya mji zilichangia sehemu kubwa ya bei. Katika mji kama huo mtu aliyekuwa wa mwisho alingoja miaka sita au saba. Hakufurahi, lakini aliweza kuona mbele na nyuma ya safu. Mahali pengine safu haionekani, kwa sababu ya jambo ambalo wagawaji hulificha, au hawalifikirii: umri wa basi. Basi la mjini hutumika miaka 12, pengine 15. Mtaa uliopewa basi jipya la dizeli leo haukuambiwa ungoje mwaka mmoja mpaka fedha ipatikane. Umefungiwa dizeli kwa umri wa basi hilo. Mtoto aliyezaliwa siku lilipofika atakuwa amekwisha shule ya msingi siku litakapoondolewa, na mapafu yake yatakuwa yamekua katika hewa aliyochaguliwa. Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na methali hiyo huwa kali zaidi mwana akiwa ni wa mtu mwingine.

Hapa ndipo hukumu inapoweza kutolewa. Kuanza kwa njia rahisi si dhuluma kwa nafsi yake, maana hapana mji wenye uwezo wa kuanza kote. Dhuluma huingia pale mtu anapongojeshwa bila tarehe. Msafiri aliyepewa namba katika safu na msafiri aliyeambiwa ‘njoo kesho’ wote wawili wamesimama, lakini wa kwanza ana haki mkononi na wa pili anaomba. Ahadi ni deni, na deni lisiloandikwa siku ya kulipwa ni sadaka. London ilitangaza kwamba mabasi yake yote, ambayo yazidi 8,000, yatakuwa hayatoi moshi ifikapo mwaka 2034. Tarehe ya mji mzima ni bora kuliko kimya, lakini mtu hakai katika mji mzima. Hukaa katika njia ya basi fulani, na tarehe anayoihitaji ni ya njia hiyo.

Tena aliye nyuma hapasi kungoja akiwa na kilicho kibaya kuliko vyote. Katika jambo hili London ilitenda vema, na ni haki kusema. Mwezi wa Machi 2017 ilianza kupeleka mabasi yenye moshi mdogo katika barabara ambazo hewa yake ilikuwa mbaya sana, ikianza na Putney High Street. Hayakuwa ya betri, yalikuwa ya dizeli safi na ya injini mbili kwa pamoja, dizeli na umeme. Maelfu ya mabasi ya zamani yakafungwa vyombo vya kuchuja moshi katika mabomba yao, hata mwanzoni mwa mwaka 2021 mabasi yote ya mji yakafikia daraja la juu la masharti ya Ulaya juu ya moshi. Wapenda betri walinung'unika kwamba fedha inapotea katika mashine zinazokufa. Walikosea. Chujio lililofungwa leo katika basi la mtaa wa mwisho ni sehemu ya malipo ya deni. Kumwambia mgonjwa asinywe dawa ndogo kwa kuwa dawa kubwa iko njiani ni ukatili wenye sura ya busara.

Afrika Mashariki inaliangalia shauri hili kutoka upande mwingine. Mjini Nairobi mabasi mengi si mali ya mji. Ni matatu za watu binafsi na vyama vyao, wala hapana karani mwenye ramani awezaye kuamuru basi lipite wapi. Mwezi wa Machi 2022 kampuni ya BasiGo ilianza kwa mabasi mawili ya majaribio, yenye viti 25, yaliyoendeshwa na kampuni za matatu. Mpango wake ulitenga bei ya betri na bei ya gari: mwenye basi hununua gari kwa bei isiyopita mno ile ya dizeli, kisha hulipia betri na umeme kwa kila kilomita aendayo. Mtu atadhani kwamba mahali soko linapotawala, mnyonge atakuwa wa mwisho bila shaka. Mambo hayako hivyo kabisa. Mlipaji kwa kilomita hupata faida katika tofauti ya bei ya umeme na bei ya dizeli, na tofauti hiyo hukua kwa kadiri gari linavyokwenda. Basi linalokwenda sana ni basi la njia yenye watu wengi, ambao aghalabu ni watu wa kipato kidogo, na si basi la kupeleka wakurugenzi kwenye mkutano. Faida, ambayo haina huruma, yaweza kuelekea mahali ambapo huruma ingeelekea. Lakini haitafika penye waya mwembamba. Hapo itasimama kama karani wa London, na kwa sababu zile zile. Umeme wa Kenya kwa sehemu yapata tisa katika kumi hutoka katika joto la ardhi la Olkaria, maporomoko ya maji, upepo na jua, hata basi la Nairobi linaweza kujisifu kwamba halihamishi moshi kutoka barabarani kwenda kwenye dohani ya mtu mwingine. Si kila mji uwezao kusema hivyo.

Dar es Salaam inaijua habari ya zamu bila kufundishwa na betri. Mabasi yaendayo haraka yalianza kazi mwezi wa Mei 2016 katika njia ya Kimara hadi Kivukoni. Watu wa Mbagala walingoja miaka mingi baada ya hapo, wakazitazama barabara za mabasi zikijengwa mtaani kwao kabla ya mabasi yenyewe kufika. Mabasi ya Kimara yalikuwa ya dizeli, wala ugomvi haukuwa juu ya hewa. Lakini aliyesimama kituoni Mbagala miaka ile angeeleza vizuri kuliko mwanafalsafa tofauti ya kungoja kwa tarehe na kungoja bila tarehe. Siku betri zitakapokuja katika mji ule, swali la nani atangulie litakuwa limekwisha kuulizwa mara moja, na jibu la kwanza linakumbukwa.

Safu hii ina watu wengine ambao hawataonekana kituoni kamwe. Huko Kolwezi, katika Kongo, watu wasemao Kiswahili huchimba kobalti, na nchi yao hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Baadhi yao huingia mashimoni kwa koleo na kamba. Husemwa mara nyingi kwamba kila basi la umeme limepakwa jasho lao. Usemi huo ni wa haraka. Mabasi mengi yaliyotajwa hapa, ya Shenzhen na ya Santiago, yana betri za chuma na fosfati zisizotumia kobalti hata kidogo. Betri nyingine zinaitumia. Kwa hiyo jambo hili si ajali ya betri, ni uchaguzi, na mnunuzi awezaye kuchagua hawezi kujificha nyuma ya neno ‘lazima’. Afisa anayetia sahihi hati ya ununuzi anagawa zamu ya Lewisham au ya Mbagala, na papo hapo, kwa mstari mmoja katika orodha ya masharti, anaamua kama atamwita mchimbaji wa Kolwezi katika biashara hii au hatamwita. Na kutomwita si wema usio na shaka, maana shimo ndilo mkate wake. Lakini hayo yangeomba insha nyingine.

Kuna upande wa karakana pia. Mota ya umeme ina viungo vichache vinavyozunguka. Haina oili ya kubadilisha, haina bomba la moshi, haina giaboksi ya kufungua kila baada ya miezi. Fundi aliyejifunza injini kwa masikio, ajuaye kwa mlio tu kwamba vali imechoka, hukuta gari lisilo na mlio. Pia kipofu aliyezoea kusikia basi likikaribia halisikii tena, na kwa ajili yake Umoja wa Ulaya uliamuru kwamba, kuanzia Julai 2019, aina mpya za magari ya umeme zifungwe chombo cha kutoa sauti ya kuonya. Kwa kipofu ilitungwa sheria. Kwa fundi wa miaka hamsini, mara nyingi hapana aliyetunga kitu; huambiwa akasome umeme wa volti 600 pamoja na vijana, au akae na mabasi yaliyobaki mpaka yaishe. Naye ni mmoja wa wanaostahili kuandikiwa tarehe.

Hatimaye yako mabasi yenyewe yaliyoondolewa. Mgawaji mwenye busara hutetea kazi yake kwa mnyororo: basi jipya limekuja njia ya kwanza, basi la dizeli la njia ya kwanza limehamia njia ya pili, na lile bovu la njia ya pili limevunjwa, hivyo kila njia imepanda daraja moja. Mnyororo huo ni wa kweli ikiwa kiungo cha mwisho kimevunjwa. Lakini basi la miaka 12 lingali linakwenda, na kitu kinachokwenda kina bei. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza mwaka 2020 kwamba katika miaka ya 2015 hadi 2018 motokaa ndogo zilizokwisha kutumika zipatazo milioni 14 ziliuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, na sehemu 4 katika 10 zilikuja Afrika. Hesabu hiyo ni ya motokaa ndogo; mabasi hupita mlango ule ule. Katika daftari za mji ulioliuza, basi hilo limehesabiwa kwamba limeondolewa, na moshi wake umekatwa katika jumla. Bandarini hushushwa kwa winchi, huoshwa chumvi, injini hujaribiwa mara mbili au tatu mpaka ipige, na mchoraji huja na kopo la rangi, akafuta juu ya kioo jina la mtaa mmoja, akaandika jina la mtaa mwingine.